Jani Lisilokataliwa

Mwaka huu bodi yetu imepata wajumbe wapya watatu, na mmoja wao siwezi kumtazama usoni. Nimejaribu. Namtazama begani, namtazama kwenye mtandio, kwenye kalamu anayoandikia, halafu macho yanakimbilia dirishani yenyewe kama ya mwanafunzi asiyejua jibu.

Chama chetu ni kidogo, cha kutunza vyanzo vya maji vya mlimani. Ofisi ni vyumba viwili juu ya duka la vipuri pale mjini Moshi, na ukutani kuna ramani ya mito ambayo nusu yake siku hizi ni makorongo makavu. Wajumbe hatulipwi. Tunakunywa chai ya tangawizi, tunabishana, tunapanda miti. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mzaliwa wa Majengo, baba fundi cherehani aliyetoka Kondoa, mama Mpare. Nina mdomo, na napenda vitu vikae kwenye mstari. Wanafunzi walinipa jina la utani ambalo sitaliandika hapa, ila lilihusu rula.

Niliingia katika bodi hiyo miaka saba iliyopita, nikiwa mgeni kama hawa wa sasa. Tulikuwa wawili mwaka ule, mimi na mkulima wa mpunga kutoka Chekereni, mzee mcheshi, ambaye alipoulizwa kwa nini amekubali ujumbe alijibu, "Nyinyi wa huku juu mkiharibu, sisi wa kule chini tunakula vumbi. Nimekuja kuwachunga." Watu wakacheka. Mimi nilijibu kwa hotuba. Nilisema mlima wetu unahitaji watu wa vitendo, siyo wa vikao. Najua nilisema hivyo kwa sababu imeandikwa kwenye muhtasari, na muhtasari ule nimeshausoma mara nyingi kuliko inavyofaa.

Desturi ya chama ni kwamba kila mjumbe mpya hupewa chemchemi moja ailee. Mimi nilipewa moja ya Kirua Vunjo, iliyoko chini ya kihamba cha bibi mmoja, yaani lile shamba la ukoo ambalo kahawa, migomba, nyumba na makaburi vyote vinakaa pamoja. Bibi alikuwa amepita miaka themanini. Macho yake yalikuwa na ukungu lakini akili kali, na mimi naye tulipatana tangu siku ya kwanza, labda kwa sababu wote wawili tulikuwa wabishi. Kila nikipanda kwenda kwake alinipikia ndizi na maziwa, na wageni wengine wakinywa mbege, pombe ya ndizi, mimi aliniwekea soda kwenye ndoo ya maji ya chemchemi ipoe.

"Mwislamu wangu amefika," alikuwa akisema. "Leteni soda yake kabla hajaanza kutufundisha."

Mpango ulikuwa rahisi. Tulitaka kusafisha ukanda ulioizunguka chemchemi, kutoa vichaka na magugu, kusawazisha ardhi, kisha kupanda miti ya asili inayoshika maji. Bibi alikubali bila masharti, isipokuwa moja. Nilipomwambia tutakuja Jumamosi, alitikisa kichwa.

"Jumamosi nina kliniki ya presha, Himo. Njooni Jumatatu. Nitakuwepo, niwaonyeshe ya kung'oa na ya kuacha."

"Sawa, Bibi," nilisema.

Ijumaa mawingu yalishuka hadi kwenye migomba. Miche ilikuwa imeshafika, imepangwa kando ya njia na mifuko yake midogo ya udongo. Kikundi cha akina mama wa kijiji kilikuwa kimejiandaa. Nikapiga hesabu zangu za kijiografia: mvua ikianza, ardhi itateleza, na miche itakaa wiki nzima ikisubiri ardhi ikauke. Nikasema, siku mbili zina tofauti gani? Nikatangaza Jumamosi ileile.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye masale. Kila mtu wa Moshi anayajua masale, yale majani marefu ya kijani yanayopandwa mpakani. Hata kwetu Majengo watu huyapanda kwenye ndoo mbovu yakawa pambo la baraza. Haya yalikuwa mashina matatu mazito, yamesimama kwa upande, hayafuati mpaka wowote. Nakumbuka nilisema kwa sauti, "Mpaka gani huu unaokatiza shamba la mtu mmoja?" Lilikuwa swali zuri. Laiti ningekaa kimya nisubiri jibu.

Mama mmoja wa kikundi aliweka jembe lake chini. "Mwalimu, masale hayang'olewi hivihivi."

"Masale yapo mlima mzima," nilimjibu. "Tutampandia mengine, tena kwenye mstari."

Hakuna aliyeinua jembe. Walisimama wakitazama mikono yao. Basi nikachukua jembe mwenyewe, mimi mtu wa vitendo, na nikayang'oa yote matatu. Mizizi yake ndani ni ya manjano, mingi, imeshikana, na inapotoka ardhini inatoa mlio wa kitambaa kinachochanwa. Mkono wangu unaukumbuka mlio ule. Mpaka leo mtu akichana shuka pale uani kwetu kutengeneza matambara, natoka nje.

Jumatatu nilipanda kumwonyesha Bibi kazi. Nilitarajia sifa. Alishuka na fimbo yake taratibu, akafika mwisho wa migomba, akasimama. Mbele yake kulikuwa na ardhi tambarare, imelimwa, imechanwa kwa reki, na miche imesimama mistari minne iliyonyooka. Alinyoosha fimbo akawa anaigusisha hewani, huku na huku, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Mwalimu. Yako wapi masale yangu?"

Nikaanza kueleza habari za mvua.

"Nilikuambia nitakuwepo," alisema. Hakupaza sauti. "Nilikuambia ungoje."

Ndipo akaniambia. Mtoto wake wa kwanza alikuwa wa kike, aliishi wiki tatu. Zamani hizo mtoto mchanga kama yule hakuwekewa saruji wala msalaba. Baba yake alimzika karibu na maji na kupanda sale kichwani pake, shina la katikati, na mengine mawili kulisindikiza. Baba mwenyewe alishakufa, kaburi lake lina vigae pale juu karibu na nyumba. Kila mtu aliyekuwepo siku ya kumzika mtoto alishakufa. Bibi ndiye pekee aliyejua mahali, naye alipajua kwa shina lile, hasa tangu macho yalipoanza kumwacha; alikuwa akilipapasa, kisha anakaa. Na alikuwa ameshawaambia watoto wake wote kwamba akifa asilazwe kwenye vigae na mumewe. Alazwe huku chini, ubavuni pa mtoto.

"Baba yao ana watu wa kumkumbuka," aliniambia. "Yule hana mtu ila mimi."

Nilitamani anitukane. Mimi ningemtukana mtu aliyenifanyia hivyo, tena ningetafuta na maneno ya Kipare ya mama yangu. Yeye aliomba tu ashikwe mkono apandishwe nyumbani.

Habari zilienea kijijini kabla sijafika barabara ya lami. Wiki ile watu waliokuwa wametukubalia kupanda miti katika vihamba vingine wakaanza kuwa na udhuru. Bodi ikaitwa. Mwenyekiti wetu, mzee mstaarabu, mzaliwa wa mlimani, alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kuna njia moja," alisema. "Tutampelekea sale."

Nilijua kwa kusikia tu. Ukimkosea Mchagga kosa ambalo maneno hayalitoshi, unakwenda kwake na jani la sale lililofungwa fundo, unampa kwa mikono miwili. Akishaletewa hawezi kukataa. Hata kama umeua, wazee husema, jani likifika lazima lipokewe, na likipokewa jambo limekwisha. Anayelikataa, au anayelipokea kisha akaendelea kudai, huyo ndiye anayebaki na laana. Sisi Majengo tukikoseana tunaombana radhi kwa mdomo, na mkosewa ana hiari ya kununa mpaka Idi. Nilipoielewa desturi ile nilifurahi, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi nikikumbuka. Nilifurahi kwamba hawezi kukataa.

Tulikwenda mwenyekiti, mimi, na wazee wawili wa kijiji. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Nikanyoosha mikono yenye lile jani. Alilitazama muda mrefu, au labda hakuliona vizuri, sijui. Alilipapasa mpaka akafika kwenye fundo. Vidole vyake vilikaa pale kwenye fundo. Kisha akalichukua, akaliweka mapajani, akasema neno moja la Kichagga ambalo wazee waliliitikia kwa pamoja.

"Amepokea," mwenyekiti alininong'oneza.

Katika muhtasari wa kikao kilichofuata imeandikwa: "Suala la Kirua limemalizika kimila." Mwandishi wa muhtasari hakuwa na kosa. Lakini halikumalizika, kwa sababu wazee walipoingia ndani kunywa mbege Bibi alinishika kiwiko akasema, "Nipeleke chini."

Tulishuka wawili tu. Miche ilikuwa imeshika, mvua ilikuwa imepita juu ya ile ardhi yangu tambarare na kuifanya laini, yote rangi moja. Bibi akasimama akipumua.

"Wewe ndiye uliyesimama hapa na jembe," alisema. "Macho yako ni mazima. Shina la katikati lilikuwa wapi?"

Sikujua. Naandika hivyo wazi kwa sababu sijawahi kulisema mahali popote. Nilikuwa nimeng'oa, nimefukia mashimo, nimesawazisha, nimepanda. Nilitazama kulia nikaona mistari yangu. Nilitazama kushoto, mistari yangu. Paliweza kuwa popote ndani ya eneo la chumba cha darasa. Nilipaswa kusema, "Bibi, sijui, nimepapoteza." Nikamtazama. Fimbo ilikuwa imezama kwenye udongo, na uso wake umegeukia upande ambao sikuwepo, kwa matumaini kabisa.

"Hapa, Bibi," nilisema, na mkono wangu ukaonyesha chini ya mche mmoja wa mringaringa.

Alikaa chini. Alikaa kwenye udongo mbichi na kitenge chake cha kanisani, akaweka kiganja juu ya ardhi, akafumba macho. Nikasema moyoni, angalau huyu amepata utulivu. Nilijisemea hivyo nikishuka, na nimejisemea hivyo miaka yote, na kila nikijisemea linapungua nguvu, limebaki kama majani ya chai yaliyochemshwa mara ya nne.

Siku chache baadaye alipanda sale jipya mahali pale. Niliendelea kwenda, ilikuwa chemchemi yangu. Alinipikia ndizi. Soda ilikuwepo kwenye ndoo. Kilichobadilika ni kwamba aliacha kunitania. Alinihudumia vizuri, akaniuliza habari za mjini, akanisikiliza, nami nikawa nazungumza sana ili kusiwe na kimya. Sikumwambia. Kila safari nilipanda na maneno tayari mdomoni, na kila safari niliteremka nayo.

Alifariki mwaka wa tatu, mwanzoni mwa mavuno ya kahawa. Watoto wake walifuata wosia. Niliwahi mapema siku ya maziko, kabla padri hajafika, nikawakuta wanaume wanachimba, hatua moja kutoka kwenye lile sale jipya. Nilisimama na wanawake nikitazama udongo unaotoka. Sijui niliogopa nini zaidi, kwamba wataona kitu au kwamba hawataona. Mmoja wa wachimbaji alitoka kupumzika, akajifuta jasho, akamwambia mwenzake, "Ardhi ya huku ngumu, aisee. Haijaguswa tangu iumbwe."

Nikaketi. Mama mmoja akanipa maji akidhani ni jua. Walimteremsha pale mahali nilipopaonyesha, wakaimba, wakarudishia udongo, na binti yake wa mwisho, mwanamke mrefu aliyekuja kutoka Dar, alinikumbatia na kunishukuru kwa kuitunza chemchemi ya mama yake.

Tangu hapo mlima umejaa yule mtoto. Sisemi naona mizimu. Mimi ni mtu wa jiografia. Nasema tu kwamba nikishika jembe kupanda mti nasita, nakanyaga kwanza kwa mguu, na wenzangu hudhani ni ufundi. Kila mahali penye migomba na kivuli najiuliza nani amelala hapa na nani ndiye pekee anayejua. Asubuhi nikimaliza swala ninamwombea. Jina lake silijui. Naomba kwa kusema, "yule wa karibu na maji," na mara nyingine najiuliza kama dua nayo inaweza kupotea njia.

Sasa niwaeleze kuhusu wajumbe wapya. Binti yule alirudi kutoka Dar akaanzisha kitalu cha miche ya kahawa palepale Kirua, na kazi yake ikasifika, hata mwenyekiti akapendekeza jina lake. Mimi niliinua mkono kumkubali. Ningefanyaje? Siku ya kukaribishwa kila mmoja aliulizwa kwa nini amejiunga. Wa kwanza alisema mambo ya vijana na ajira. Wa pili alisema tabianchi mara sita. Yeye alisimama akasema, "Mimi ni mtoto wa pale kwenye chemchemi," akakaa. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni unyenyekevu.

Kikao kikafuatiwa na ziara. Tulipanda wote Kirua, nami nikiwa mwenyeji wa chanzo kile nikawaonyesha wageni miti, ambayo kweli imekua, na maji, ambayo kweli yameongezeka. Nilikuwa nikieleza habari ya mizizi wenzangu walipoanza kupanda kuelekea nyumbani kula. Yeye hakupanda. Alibaki karibu na kaburi la mama yake, na nilipompita aliniita.

"Shikamoo, Mwalimu. Subiri kidogo."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa ameshika tawi la mringaringa, anachuma majani makavu. Alizungumza bila haraka, kama mtu aliyeyapanga maneno siku nyingi.

"Mama alijua kwamba hukujua."

Nilishika mti.

"Aliniambia wiki ya mwisho. Alisema, mwalimu aliponionyesha, mdomo wake ulitangulia miguu. Alisema mtu anayekumbuka mahali hupaendea kwanza."

Nikamwuliza swali ambalo bado linanikera, kwamba nililiuliza kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyekosewa. "Sasa kwa nini hakusema? Kwa nini mkamlaza hapa?"

"Nilimwuliza hivyohivyo. Akasema, nimeshapokea sale lake. Nikimwambia amenidanganya nitakuwa nimelirudisha, na sale halirudishwi." Alitupa majani makavu chini. "Akasema mnilaze hapo alipopaonyesha. Nikamwambia mama, siyo karibu na dada. Akasema, najua."

Kutoka juu tuliwasikia wenzetu wakituita, sahani zinagongana, mtu anacheka. Nililia, na sikuficha. Nilimwambia nimekuwa nikilibeba jambo lile kila siku. Nilimwambia mama yake alikuwa bora kuliko mimi. Yeye alingoja nimalize, kwa adabu, kama mama yake alivyokuwa akingoja nimalize hadithi zangu za mjini. Macho yangu yakaenda kwenye lile sale la pale kaburini, limenenepa, limejaa majani, na kabla sijajua mkono wangu umeshanyooka kuchuma.

Aliushika mkono wangu.

"Usichume," alisema. "Mama alipokea la kwake. Mimi sijapokea, na sitaki uniletee. Ukiniletea, itanibidi nipokee."